Ndege ya Kusindikiza: Jicho la Rubani wa Majaribio

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima
Historia ya Ufundi

  Kama ilivyo desturi yetu, tafadhali mwe na ubao, chaki na madaftari tayari. Nitasema polepole. Kila nitakapotaja mwaka au jina la mtu, mwalimu ataliandika ubaoni ili kila mmoja alione na kulisoma.

Leo tutasoma habari za kazi moja isiyojulikana sana. Ndege mpya inaporushwa kwa mara ya kwanza, magazeti hutuonyesha picha ya ndege ile na jina la rubani wake. Lakini tazameni tena picha ile ya angani, mkajiulize: Nani aliyeipiga? Mara nyingi alikuwa mtu aliyekaa katika ndege nyingine, iliyokuwa ikienda kando kando. Ndege hiyo ya pili ndiyo tunayoita ndege ya kusindikiza.

MAANA YA MANENO

Kwanza tulitazame neno rubani. Zamani, kabla ya kuwako eropleni, watu wa pwani yetu walikuwa nalo neno hili. Rubani alikuwa mtu wa baharini, ajuaye miamba, mafungu na mikondo ya maji, akaongoza chombo mpaka bandarini salama. Ndege zilipokuja, neno hilo likapanda kutoka baharini hadi angani.

Neno la pili ni kusindikiza. Hili halina haja ya maelezo mengi. Mgeni akiondoka nyumbani kwako humwachi aende peke yake. Unatoka naye, unakwenda naye kipande cha njia, mnazungumza, hata uone kwamba ameshika njia nzuri. Ndege ya kusindikiza hufanya vivyo hivyo.

Neno la tatu ni majaribio. Ndege mpya, hata ikiwa imepigiwa hesabu na wataalamu mia, haijulikani tabia yake mpaka iruke. Kwa hiyo rubani wa majaribio huiinua kidogo kidogo: leo mwendo huu, kesho mwendo ule, na kila mara hushuka ili wataalamu wasome yaliyoandikwa na vyombo vyake.

KWA NINI RUBANI AHITAJI MSINDIKIZAJI?

Rubani yumo ndani, amefungwa mikanda, mbele yake pana kioo kidogo na saa nyingi za kuonyesha mwendo, kimo na moto wa injini. Haoni tumbo la ndege yake. Mara nyingi hauoni mkia. Wazee wetu walisema, nyani haoni kundule. Methali hiyo husemwa kwa kumsuta mtu, lakini katika ndege ni kweli tupu. Mafuta yakivuja nyuma, au kibati kikibanduka chini ya bawa, rubani huenda asijue mpaka mambo yameharibika.

Basi, kazi za msindikizaji ni hizi. Mwalimu aziandike ubaoni.

Kwanza, huikagua ndege mpya kwa nje: pana moshi? pana mafuta yanayovuja? magurudumu yametoka yote?

Pili, hulinganisha mwendo na kimo. Saa za ndege mpya hazijaaminika bado. Ndege mbili zikienda sambamba, mwendo wao ni mmoja. Kwa hiyo saa za ndege ya zamani huonyesha kama saa za ndege mpya zinasema kweli.

Tatu, huangalia anga yote, isije ndege nyingine ikapita njiani, kwa maana rubani wa majaribio macho yake yamo katika saa zake.

Nne, hupiga picha, ambazo wataalamu watazisoma baadaye.

Tano, wakati wa kutua humtajia mwenzake kimo kilichobaki.

Sita, rubani akilazimika kuruka kwa mwavuli, msindikizaji hutazama aangukapo, akawaelekeza waokoaji.

Mwalimu, baada ya kipindi tafadhali waulize wanafunzi ni kazi ipi kati ya hizo sita waionayo kuwa kubwa, na kwa sababu gani.

MWAKA 1947: KUUSHINDA MWENDO WA SAUTI

Sasa tuingie katika historia. Mtu akikata kuni ng'ambo ya bonde, utaliona shoka likishuka, kisha baada ya kitambo kidogo utasikia mlio. Hii ni kwa sababu sauti nayo husafiri. Karibu na usawa wa bahari huenda kiasi cha kilomita 1,225 kwa saa. Juu sana, penye baridi kali, mwendo wake hupungua, ukawa kiasi cha kilomita 1,060.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege zilianza kuukaribia mwendo huo, na zilipoukaribia zilitikisika vibaya. Tarehe 27 Septemba 1946, huko Uingereza, rubani Geoffrey de Havilland alikufa ndege yake ilipovunjika angani katika majaribio ya mwendo mkubwa. Watu wengine walidhani kwamba hewani mna ukuta usiopitika.

Wamarekani walitengeneza ndege ndogo ya roketi iliyoitwa X-1. Haikupanda yenyewe kutoka chini, bali ilichukuliwa chini ya tumbo la ndege kubwa ya mabomu, aina ya B-29, ikaachiliwa angani. Majaribio yalifanyika Muroc, katika jangwa la California, mahali ambapo leo paitwa Edwards. Hapo pana ziwa kavu, ambalo udongo wake ni mgumu na bapa kwa kilomita nyingi, kama uwanja uliotengenezwa na Mungu mwenyewe kwa ajili ya kutulia ndege.

Rubani wa X-1 alikuwa Chuck Yeager. Wasindikizaji wake walikuwa Bob Hoover na Dick Frost, kila mmoja katika ndege ya jeti. Mmoja alikaa karibu na mahali pa kuachiliwa; mwingine alitangulia mbele na juu, ili X-1 imfuate.

Mwezi huo wa Oktoba 1947, siku chache kabla ya jaribio kubwa, Yeager alikuwa akishuka na mafuta yamekwisha. Ghafula kioo chake kikafunikwa na barafu nyembamba. Alijaribu kuikwangua, haikutoka. Fikirini hali yake: ndege isiyo na nguvu ya injini haiwezi kupanda tena ili kujaribu mara ya pili. Itashuka tu, na ni lazima ishuke vizuri mara hiyo hiyo moja. Wasindikizaji wakaja ubavuni mwake, wakamwongoza kwa simu ya upepo kwa maneno mafupi mafupi, hata magurudumu yakagusa ziwa kavu. Rubani alitua bila ya kuona, kwa macho ya wenzake. Hapo mwaona jinsi neno rubani lilivyorudi katika maana yake ya baharini: ajuaye njia akimwongoza asiyeiona.

Tarehe 14 Oktoba 1947, Yeager aliupita mwendo wa sauti. Alifika kilomita 1,127 kwa saa, katika kimo cha kiasi cha mita 13,000. Hakukuwa na ukuta wowote. Hoover, aliyekuwa mbele, alipiga picha ya X-1 ilipompita, na katika moto wake ilionekana mistari ya mishtuko ya hewa kama almasi zilizopangwa. Habari hizo ziliwekwa siri, zikatangazwa rasmi mwaka 1948.

BIBI JACQUELINE COCHRAN

Akina mama waliomo darasani wasidhani kwamba kazi hii ilikuwa ya wanaume peke yao. Bibi Jacqueline Cochran alizaliwa Florida katika umaskini. Hakupata masomo mengi ya shule, na alianza kufanya kazi katika kinu cha pamba akali mtoto. Alipokwisha kuwa mtu mzima alijifunza kurusha ndege, akapata hati ya urubani mwaka 1932.

Tarehe 18 Mei 1953, hapo hapo penye ziwa kavu, aliipanda ndege ya Sabre iliyotengenezwa Kanada, akaielekeza chini kwa kasi, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuupita mwendo wa sauti. Na nani aliyemsindikiza katika ndege ya pembeni? Alikuwa Yeager yule yule. Miaka sita iliyotangulia yeye ndiye aliyesindikizwa. Sasa yeye akamsindikiza mwenzake. Ndivyo ilivyo desturi ya kazi hiyo. Leo unaongozwa, kesho unaongoza.

NDEGE IENDAYO KULIKO MSINDIKIZAJI

Baadaye lilitokea jambo gumu. Kati ya mwaka 1959 na 1968 Wamarekani walirusha ndege ya roketi iliyoitwa X-15. Zilitengenezwa tatu, zikaruka mara 199. Mwendo wake mkubwa kuliko yote ulikuwa kilomita 7,274 kwa saa, mwaka 1967. Msindikizaji gani angeweza kufuatana nayo? Hakuna hata mmoja.

Wakatumia akili ya watu wa mbio za kupokezana kijiti. Ndege moja ya kusindikiza iliikagua X-15 ikiwa ingali chini ya bawa la ndege iliyoibeba, ikaitazama ikiachiliwa. Nyingine zilingoja njiani, karibu na maziwa makavu yaliyochaguliwa kwa kutua wakati wa hatari. Ya mwisho ilingoja karibu na Edwards. X-15 iliporudi kutoka juu, mafuta yamekwisha na mwendo unapungua, msindikizaji wa mwisho alijiunga nayo, akaikagua, akamtajia rubani kimo mpaka chini.

Kwa nini kutaja kimo? Kwa sababu ziwa kavu halina mti wala nyumba. Jicho halipati kitu cha kupimia. Rubani huweza kudhani yuko mita kumi juu, kumbe yuko mita mbili. Mvuvi aliyepata kutazama bahari iliyotulia kama kioo atalielewa jambo hili mara moja.

Desturi hiyo iliendelea. Tarehe 14 Aprili 1981, chombo cha kwenda angani kiitwacho Columbia kilirudi duniani kwa mara ya kwanza, ndani yake wamo John Young na Robert Crippen. Kilishuka bila ya nguvu ya injini. Ndege ndogo ya T-38 ilikipokea angani, ikashuka nacho ubavuni, na sauti ya msindikizaji ikitaja kimo kilichobaki hata magurudumu yalipogusa ziwa kavu la Edwards.

SIKU YA MSIBA

Wasikilizaji, historia si habari za ushindi tu. Yatupasa kusema pia habari za tarehe 8 Juni 1966.

Wakati huo Marekani ilikuwa na ndege mbili kubwa mno za majaribio zilizoitwa XB-70, zenye urefu wa zaidi ya mita 56 na injini sita kila moja. Asubuhi ile ndege ya pili kati ya hizo mbili iliruka kwa majaribio yake. Kazi ilipokwisha, ndege nne ndogo zikajiunga nayo ili zipigwe picha pamoja, kwa sababu zote zilitumia injini za kampuni moja iliyotaka picha hiyo. Moja ya hizo ndogo ilikuwa F-104, aina iliyotumika sana kwa kusindikiza. Rubani wake alikuwa Joe Walker.

Walker hakuwa mwanafunzi. Tarehe 22 Agosti 1963 yeye ndiye aliyepanda na X-15 hadi kimo cha kilomita 107 na zaidi, ambacho hakuna rubani mwingine wa ndege hiyo aliyekifikia. Tena alikuwa amefanya kazi ya kusindikiza kwa miaka mingi.

Sasa sikilizeni sababu ya hatari. Bawa la ndege kubwa linapokata hewa, hewa ya chini ya bawa hupanda kuizunguka ncha ya bawa, ikajisokota kama chamchela aliyelala. Chamchela huyo haonekani. Ndege ya Walker ilikuwa karibu sana na ncha ya bawa la kuume la XB-70. Ikasogea, ikagusa, ikashikwa na ule msokoto. Ikapinduliwa, ikapita juu ya mgongo wa ndege kubwa, ikaivunja mikia yake miwili. Walker alikufa pale pale.

XB-70 iliendelea mbele sawasawa kwa sekunde chache, kama kwamba halikutokea neno. Kisha, kwa kuwa haina mikia, ikaanza kuzunguka na kuanguka. Rubani Al White aliokoka kwa chombo cha kumtoa nje, ingawa aliumia vibaya. Mwenzake, Carl Cross, hakuweza kutoka, akafa.

Uchunguzi ulifanywa. Ulionyesha kuwa safari ile ya kupiga picha haikufuata taratibu zote za kupata idhini. Angalieni tofauti, kwa maana ndiyo kiini cha somo letu. Msindikizaji wa kweli hukaa karibu kwa sababu ya kazi: kuona, kukagua, kutaja kimo. Akimaliza kuona, husogea mbali. Siku ile ndege tano zilikaa pamoja kwa muda mrefu kwa ajili ya kupendeza katika picha. Ukaribu ule haukumsaidia rubani hata mmoja, na bei yake ikawa watu wawili.

NENO LISILOFIKA

Mfano wa mwisho ni wa tarehe 19 Januari 1995. Marekani na Ujerumani zilikuwa zikijaribu pamoja ndege iliyoitwa X-31. Rubani wa siku hiyo alikuwa Mjerumani, Karl Lang. Alikuwa anarudi kutua, na ndege ya kusindikiza ilikuwako.

Penye pua ya ndege pana mrija mdogo upimao mwendo kwa nguvu ya hewa iingiayo. Mrija huo ukashikwa na barafu. Saa zikaonyesha mwendo usio wa kweli, na mashine za hesabu zilizoisaidia ndege kusimama sawa zikafuata uongo huo. Rubani alitaja habari ya kuupasha mrija moto, lakini mrija uliofungwa siku ile haukuwa na kitu cha kuupasha moto. Watu waliokuwa chini walizungumza naye juu ya jambo hilo. Lakini njia ya sauti waliyoitumia haikufika katika ndege ya kusindikiza. Msindikizaji hakusikia.

Angalisikia, yeye aliyekuwa na saa nzima angaliweza kusema, "Mwendo wetu si huo uuonao." Muda si muda ndege ikayumba, haikushikika tena. Lang akaruka kwa mwavuli, akaokoka, na ndege ikaanguka jangwani.

Msindikizaji alikuwako, macho anayo na saa anazo. Kilichokosekana ni neno kumfikia. Tangu hapo ajali hiyo imefundishwa kwa watu wa majaribio ili wajue kwamba yeyote mwenye kazi ya kulinda sharti asikie yote yahusuyo kazi yake.

KAZI HII KATIKA SIKU ZETU

Je, siku hizi, kwa kuwa kompyuta na kamera zimejaa katika ndege, kazi ya kusindikiza imekwisha? La, haijakwisha. Tarehe 28 Oktoba 2025 ndege mpya ya majaribio ya Marekani iitwayo X-59 iliruka kwa mara ya kwanza. Imetengenezwa ili iupite mwendo wa sauti bila ya kishindo kikubwa kinachosumbua watu walio chini. Kamera inazo, tena rubani wake hana kioo cha kutazama mbele, hutazama kwa njia ya picha za kamera. Hata hivyo ilipoondoka, ndege ya kusindikiza ilikuwa pamoja nayo angani.

Sababu yake si ngumu. Kamera huona pale ilipoelekezwa tu. Mtu aliye pembeni hugeuza kichwa, huzunguka chini, hupanda juu, na hutambua hata jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MUHTASARI NA MASWALI

Tumejifunza mambo matatu. La kwanza: rubani wa majaribio haioni ndege yake yote, kwa hiyo ahitaji jicho la nje, kama Yeager alivyohitaji kioo chake kilipofunikwa na barafu mwaka 1947. La pili: ukaribu bila ya sababu ya kazi ni hatari, kama ilivyoonekana mwaka 1966. La tatu: jicho halitoshi bila ya sikio, kama ilivyoonekana mwaka 1995.

Sasa redio itafungwa, na kila kikundi kizungumze juu ya maswali haya:

1. Rubani wa zamani wa baharini na msindikizaji wa angani wanafanana kwa mambo gani? Wanatofautiana kwa mambo gani?

2. Kwa nini ni vigumu kupima kimo kwa macho juu ya ziwa kavu?

3. Toka mwaka 1947 hata mwaka 1953 ni miaka mingapi? Toka mwaka 1966 hata mwaka 1995 je? Andikeni hesabu zenu.

4. Katika kazi zenu wenyewe, kama vile uvuvi, ujenzi, kuchimba kisima au kupanda mnazi, ni nani anayesimama pembeni akimwangalia mwenzake? Husimama umbali gani? Na akiona hatari, sauti yake humfikia mwenzake kwa njia gani?

Swali hilo la nne ndilo kubwa. Kila mtu ajibu kwa sentensi tatu katika daftari lake, kisha amsomee jirani yake. Jirani asikilize mpaka mwisho, ndipo asahihishe.